Wiki nne na National Writing Project, maoni ya mwalimu aliyekua haandiki

Nianze na kitu ambacho walimu wenzangu wa lugha mtanielewa haraka. Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili miaka tisa nyumbani Tanzania, alafu sa hivi ni mwaka wa saba nafundisha Kiingereza huku Marekani kwa watoto wa miaka kumi na mbili mpaka kumi na nne, na miaka yote hiyo nimesahihisha insha ambazo ukizipanga zinajaza chumba, ila mimi mwenyewe sikuwahi kuandika insha hata moja tangu nitoke chuo. Naandika azimio la kazi, naandika andalio la somo, naandika ripoti za wazazi, meseji ndo usiseme. Lakini kukaa chini nikaandika kitu changu chenye mwanzo na mwisho alafu nikampa mtu mwingine akisome, hapana. Na bado asubuhi naingia darasani namwambia mtoto wa watu andika kurasa mbili kuhusu siku ambayo hutaisahau, muda dakika arobaini, anza.

Sasa mwaka jana nilikaa wiki nne kwenye mafunzo ya kiangazi ya National Writing Project, na kwakua kuna walimu wengi wa Kiswahili huku ughaibuni na nyumbani pia wananiuliza ile kitu ilikua ya nini na kama inafaa kupoteza likizo yako, nimeamua niandike yote hapa mara moja. Nawapa nyota nne na nusu. Hiyo nusu niliyokata ntaieleza.

Kwa wasioijua, huu ni mtandao wa walimu ambao vituo vyake viko kwenye vyuo vikuu. Ulianza mwaka 1974 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa jina la Bay Area Writing Project, na aliyeuanzisha, James Gray, alikua mwalimu wa sekondari kabla hajaenda chuoni kuandaa walimu, na mimi naona hapo ndo siri yote ilipo. Kipindi kile karibu nusu ya wanafunzi wapya wa Berkeley, watoto waliofaulu vizuri huko walikotoka, uandishi wao ulikua chini mpaka wanalazimishwa kuchukua kozi ya kurudia misingi. Kila mtu akawa anamnyooshea mwenzake kidole, chuo kinalaumu sekondari, sekondari inalaumu msingi, sijui kama kuna nchi ambayo hii haijatokea. Gray hakuleta wataalamu waje kuwahutubia walimu. Alichukua walimu ambao tayari madarasa yao yalikua yanaenda vizuri, akawaweka pamoja kipindi cha likizo wafundishane wenyewe kwa wenyewe, na sharti likawa moja, na nyie mtaandika. Ikasambaa jimbo kwa jimbo mpaka ikafika vituo karibu 200 kwa nchi nzima.

Mimi niliambiwa na mwalimu mwenzangu wa korido moja, mama mmoja wa sayansi ambaye aliipitia miaka ya nyuma. Nikamuuliza mwalimu wa sayansi anaenda kufanya nini kwenye mambo ya uandishi, akaniambia nenda utaona. Maombi yenyewe ni barua unaeleza kitu kimoja unachokifanya darasani na kinafanya kazi, alafu wanakuita mnaongea kama nusu saa hivi. Kituo changu sitakitaja jina kwasababu kuna mambo ntayasema huko chini na wale watu nawaheshimu.

Tulikua kumi na nne. Kuna mwalimu wa chekechea, wawili wa msingi, wa hisabati mmoja, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, wanaofundisha chuo wawili, wengine sisi wa lugha. Saa tatu asubuhi mnafika, kila mtu na daftari lake, na kitu cha kwanza ni kuandika, kimya, hamna mtu anaeleza malengo ya siku, hamna slaidi. Nusu saa nzima ya kuandika. Siku ya kwanza niliandika mistari sita alafu nikakaa naangalia saa ya ukutani, na hapo ndo nikamkumbuka kijana wangu mmoja ambaye mwaka mzima nilikua namwandikia kwenye ripoti kwamba hajitumi, maana na yeye alikua anaandika mistari sita anaangalia saa. Nilijisikia vibaya sana, nawaambia ukweli.

Baada ya kuandika kuna mtu mmoja au wawili wanafundisha somo lao mbele yenu, somo lile lile wanalofundisha watoto, na nyie mnakua wanafunzi mnalifanya kweli mpaka mwisho, alafu mnalijadili, limetoka wapi, kwanini linafanya kazi, likienda darasa la pili litabadilika vipi. Huyu mama wa chekechea alitufundisha jinsi watoto wa miaka mitano wanavyotunga hadithi kwa kuchora kwanza alafu wanaisimulia alafu ndo neno moja moja linaingia, nikalichukua vile vile nikalipeleka kwa watoto wangu wakubwa ambao Kiingereza bado kinawapa shida. Hii ndo maana ya ule msemo wao wa walimu kuwafundisha walimu. Mtu anayekufundisha kesho kutwa anarudi darasani kama wewe, kwahiyo hakuletei kitu ambacho hakijawahi kuonja vumbi la chaki.

Linganisha na semina tulizozoea. Nimehudhuria semina nyumbani na huku, siku moja, mtu ana slaidi themanini, chai ya saa nne, mchana chakula, jioni mnajaza fomu kwamba mmefurahi, na nyumbani mara nyingi swali la kwanza ni posho. Sisemi posho ni mbaya, mwalimu ana nauli na ana watoto. Nasema tu kwamba katika semina zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza mimi ninajua nini.

Sasa nifike kwenye mchana, ambapo ndo kilichonibadilisha kipo. Mchana mnakaa vikundi vya watu wanne, kila mmoja analeta kipande chake na anakisoma kwa sauti. Kabla hujasoma unatakiwa uchague unataka nini, kuna namna tatu, nisifieni tu, au niangalieni sehemu hii moja, au nibaneni. Ukisema nisifieni hakuna anayeruhusiwa kukugusa, wanakwambia tu mstari gani umewakaa kichwani. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya kudekezana ya kizungu, ila ukikaa ukatetemeka na karatasi yako ndo unaelewa kwamba kuna siku mtu anahitaji tu kusikia mstari mmoja umefika.

Wiki ya pili nilileta kipande kuhusu siku matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa. Kwa wasiojua mambo yetu, enzi zile karatasi zinabandikwa ubaoni nje, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, mtaa mzima unakuja kusoma. Nilikimbia kwenye ubao, jina langu halikuwepo karatasi ya kwanza, halikuwepo ya pili, na baba alikua amesimama nyuma yangu na baiskeli. Niliandika mpaka hapo, alafu nikaanza kueleza umuhimu wa elimu kwa mtoto wa Kiafrika, jinsi elimu ilivyo ufunguo, ukurasa mzima. Nikasema nibaneni. Yule mwalimu wa hisabati, mtu mkimya ambaye sikutegemea, akaniambia hivi, ulipofika kwenye ubao ulikimbia, ukaanza kunihutubia, mimi sitaki hotuba, nirudishe ubaoni, baba yako alikua anafanya nini na ile baiskeli?

Nilinyamaza. Kwasababu nilikua nakumbuka kabisa. Alikua anapiga kengele ya baiskeli kidogo kidogo kwa kidole gumba, hajui kama anaipiga. Miaka karibu thelathini ile kengele nilikua nayo na sikuwahi kuiandika popote, na kama yule mtu asingeuliza ningekufa nayo.

Hapo nikaelewa makosa yangu ya miaka kumi na tano. Pembeni ya insha za watoto nilikua naandika "fafanua zaidi", kwa wino mwekundu, insha mia, "fafanua zaidi" mia. Hakuna mtoto anayejua afanye nini na hilo neno. Yule wa hisabati hakuniambia fafanua, aliniuliza swali moja ambalo lilikua na jibu ndani yangu. Tangu nimerudi darasani nimeacha kabisa lile neno, nauliza swali moja tu kwa kila insha, na namuuliza kama msomaji ambaye kweli nataka kujua. Inachukua muda mrefu zaidi, hilo sikatai, kwa darasa la watoto thelathini nalala saa saba.

Nina wanafunzi kadhaa waliotoka Kongo, wengine wamezaliwa kambini, Kiswahili chao cha huko Kivu na changu cha pwani tunakutana katikati tunaelewana. Mmoja wao, sitasema jina, alikua haandiki kabisa. Kitu cha kwanza nilichofanya mwezi wa tisa ni kuandika mbele yao, karatasi chini ya kamera inaonekana ukutani, naandika nafuta nakosea spelingi nakwama, wanaona. Darasa lilikaa kimya kama msikitini. Yule kijana akanifuata baada ya kipindi akaniuliza kwa Kiswahili, mwalimu, kumbe na wewe inakukataa? Nikamwambia inanikataa kila siku. Nikamruhusu rasimu ya kwanza aanze kwa Kiswahili, kitu ambacho niliona mwenzangu anayefundisha watoto wa Kihispania ameonyesha kwenye somo lake kule kwenye mafunzo. Aliandika nusu ukurasa kuhusu foleni ya maji kambini. Nikamuuliza swali moja, ndoo ilikua ya nani? Akarudi na kurasa mbili na nusu.

Sasa kuna watu watasema hizi ni hadithi tu za mwalimu mmoja aliyefurahi. Sawa. Hawa National Writing Project wana programu yao nyingine ya kufundisha uandishi wa hoja, wanaiita C3WP, walimu wanafanyishwa kazi mwaka mzima badala ya siku moja, na taasisi ya utafiti ya SRI iliipima kwa miaka miwili kwenye wilaya 44 za vijijini katika majimbo 10, wilaya ambazo zina umaskini mwingi, nusu zikapewa programu nusu zikabaki zinaendelea na mambo yao ya kawaida. Watoto wa zile zilizopewa waliandika hoja vizuri zaidi, mpangilio na maudhui, na taarifa ilitoka mwaka 2015. Kwa utafiti wa elimu hiyo sio kitu kidogo, mafunzo mengi ya walimu yakipimwa namna hiyo hayaonyeshi kitu kwa mtoto. Ila nawaomba mnielewe, hiyo ni programu tofauti na yale mafunzo ya kiangazi niliyohudhuria mimi, msije mkachanganya, kinachofanana ni kwamba zote mbili mwalimu anaandika na mwalimu ndo anafundisha walimu wenzake.

Haya, ile nusu nyota.

Kwanza muda. Wiki nne ni nyingi mno kwa mtu mwenye watoto wadogo. Nililipa mtu wa kukaa na wanangu na hela niliyopewa mimi ya kujikimu ilikuja mwezi wa kumi, mafunzo yaliisha mwezi wa saba. Vituo vingine hawalipi kabisa ila wanakupa krediti za shahada ya uzamili, vingine wanakuchaji hizo krediti, kwahiyo uliza kabla hujasaini chochote. Kuna vituo vimepunguza siku, vingine nusu mtandaoni nusu ana kwa ana. Chanzo kikubwa ni hela. Serikali kuu ilikua inaufadhili huu mtandao moja kwa moja tangu 1991, mwaka 2010 ilikua kama dola milioni 25 hivi kwa nchi nzima, alafu 2011 bunge likakata ule ufadhili wa moja kwa moja na vituo vikaanza kujitafutia ruzuku huku na kule. Unaiona kabisa ukiwa pale, mkurugenzi wa kituo chetu anafundisha, anatafuta hela, anapika kahawa, wote mtu mmoja. Inaniuma kwasababu ukipiga hesabu milioni 25 kwa nchi tajiri kama hii ni kitu gani.

Pili, vitabu tulivyosoma vyote vilikua vya Marekani na vinamhusu mtoto wa Marekani. Mimi na yule mwalimu wa Kihispania tulilisema, walitusikiliza vizuri, wakaongeza makala mbili. Lakini mtoto anayeandika kwa lugha ya tatu au ya nne hakuwemo kwenye mpango tangu mwanzo, sisi ndo tulimwingiza.

Tatu, na hili ndo kubwa kwangu, baada ya mafunzo. Mnaambiwa mtakutana kila mwezi, mwezi wa tisa tulikuja kumi na moja, wa kumi sita, wa kumi na mbili watatu. Shule zikianza mwalimu anamezwa. Kundi letu la watu wanne tu ndo lilibaki kwasababu tulipanga siku, tukapanga nyumba, na tukapanga kwamba ukija bila kuandika njoo hivyo hivyo uje usikilize. Nadhani kituo kingeweka nguvu kubwa zaidi hapa kuliko hata kwenye zile wiki nne.

Na hapo ndo nataka niongee na walimu wa nyumbani, maana wengi mnaponiuliza mnauliza kama kuna skolashipu ya kuja. Sikilizeni, sio lazima. Uingereza kuna walimu wamefanya hii kitu bila hela kabisa, Jeni Smith na Simon Wrigley walianza 2009 vikundi vya walimu kukutana tu baada ya kazi au Jumamosi, maktaba, makumbusho, hata mgahawani, mnaandika, mnasomeana, mnaondoka. Hamna cheti na hamna ada. Mimi kwa mazingira yetu naona hii ya Uingereza inatufaa kuliko ya Marekani, kwasababu ya Marekani inahitaji chuo kikuu kikubebe, hii inahitaji watu wanne na meza.

Na Tanzania tayari mna sehemu ya kuipachika. Kuna MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, mna jumuiya za ujifunzaji shuleni ambapo walimu mnakaa kujadili mada ngumu. Utaratibu mzuri kabisa, nausifu, mwalimu anajifunza kwa mwenzake hapo hapo kazini. Ninachoomba ni kwamba siku moja moja hiyo mada ngumu iwe insha na kila mwalimu aje ameandika ile insha anayotaka kuwapa watoto. Uone jinsi mtakavyoirekebisha ile mada kabla hujaipeleka darasani. Mimi niliandika mwenyewe ile "siku ambayo hutaisahau" kwa dakika arobaini, haiwezekani, nimeifuta, sa hivi nawapa wiki mbili.

Nani asiende? Kama unataka vifaa vya kuchukua Jumatatu uingie navyo darasani, masomo yaliyopikwa tayari, utasikitika, hawagawi hivyo. Na kama kusoma kitu chako mbele ya watu kunakuumiza kweli kweli, anza na kikundi kidogo cha watu unaowaamini, usijitupe kwenye kumi na nne. Wengine wote, hata wa sayansi, hata wa hisabati, nasema nendeni. Yule mama wa korido yangu alikua sahihi, watoto wake wanaandika ripoti za maabara ambazo unasoma unajua nani alimwaga nini.

Rafiki yangu anafundisha sekondari Morogoro, tulisoma chuo pamoja, nilimweleza haya yote kwa sauti za WhatsApp usiku kucha mwezi wa nane. Akaanza na wenzake watatu, Alhamisi baada ya vipindi, mkuu wa shule amewaachia maktaba mpaka saa kumi na moja. Walianza na namna ya nisifieni tu kwa mwezi mzima kwasababu watu walikua wanaogopana, hasa yeye ni mkuu wa idara na wale wengine wanaona wanakaguliwa, ikabidi yeye ndo awe wa kwanza kusoma kila wiki mpaka wakamzoea. Wiki iliyopita alinitumia kipande cha mwalimu wao wa Fizikia, ukurasa mmoja, kuhusu chemli aliyosomea akiwa kidato cha nne na jinsi walivyokua wanagawana mafuta ya taa kwa kipimo cha kizibo cha soda. Kwa juu kaandika kwa mkono, nibaneni. Nimeshakisoma mara mbili, sijamjibu bado, nataka nikisome tena kesho asubuhi nikiwa na akili safi ndo nimuulize swali moja.